Tepu Inayoanzia Kumi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila kwenye karakana ya baba yake hakuna aliyelitumia. Pale aliitwa Toakumi, tangu darasa la tatu mpaka alipoingia chuo kikuu. Hata wateja waliokuja kuulizia milango yao walisema, "Toakumi yupo? Yeye ndiye mwenye daftari."

Chanzo cha jina kilikuwa tepu. Baba yake alikuwa fundi seremala wa milango na madirisha, mtu wa maneno machache na penseli mbili, moja kila sikio, na tepu yake ya chuma ya kupimia ilikuwa pungufu mwanzoni. Sentimita kumi za kwanza hazikuwepo. Ukiivuta, namba ya kwanza kuiona ni kumi, na mahali pa ile ndoano ya mbele baba alikuwa ametoboa tundu na kufunga kipande cha waya, isije ikazama ndani ya kasha lake na kutokomea. Kwa hiyo kila kipimo kilichosomwa kwenye tepu ile kilizidi kwa kumi. Baba alipima na kusoma kwa sauti, "Mia mbili na ishirini!" na binti yake, aliyekaa juu ya rundo la mbao na daftari magotini, akaandika mia mbili na kumi. Baba akasoma, "Themanini na saba!" Yeye akaandika sabini na saba. Kazi hiyo aliifanya kila Jumamosi na kila likizo kwa miaka kumi na miwili.

Mwanzoni alikuwa akisahau. Mlango wa kwanza alioukosea ulitoka mrefu kuliko fremu yake, ukasimama pale kama mgeni aliyekosa kiti. Baba hakufoka. Alichukua msumeno, akakata sentimita kumi, akasema, "Mrefu una dawa. Mfupi hauna." Akaendelea na kazi yake.

Mafundi wenzake walimtania. "Vipi fundi, tepu yako imeliwa na panya?" Naye alijibu, "Iliyobaki inapima." Mama, ambaye alikuwa na neno kwa kila kitu, kuanzia bei ya sabuni hadi kilichomfanya jirani ahame, kwa habari ya tepu hiyo alinyamaza kimya. Binti ndiye aliyeona aibu. Kadiri alivyokua ndivyo alivyoichukia tepu ile, na wenzake wa shule walipopita karakana aliikalia wasiione.

Chuoni alichukua usanifu wa majengo. Mtaa mzima ulijua siku ileile, maana mama aliisoma barua ya chuo kwa kila aliyepita, wakiwemo waliokuwa na haraka zao. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mwaka wa pili ndipo maji yalipozidi unga. Kulikuwa na somo la kupima jengo la zamani na kulichora kama lilivyo, na mwalimu wake alikuwa mzee mmoja mkavu ambaye wanafunzi walimbatiza Milimita, kwa kuwa hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote aliloweza kulivumilia. Toakumi alipewa nyumba kuukuu iliyokaa upande. Akaipima vizuri, akaichora vizuri, na alipofika kwenye ukuta uliopinda, akaunyoosha. Akaona dirisha moja liko chini kuliko mwenzake, akalipandisha. Mtoto wa fundi huyo. Angeachaje kitu kimepinda na penseli anayo mkononi? Milimita aliubeba mchoro mpaka kwenye nyumba yenyewe, akazunguka nao ukuta kwa ukuta, akaandika sifuri.

"Sikukuomba urekebishe nyumba ya watu," alimwambia. "Nilikuomba uiandike ilivyo."

Sheria ya chuo ilikuwa fupi. Ukianguka mara ya pili katika somo lilelile, unafungasha. Hakuwaambia nyumbani. Alijua mama angeilia habari hiyo kwa sauti, na baba angekaa kimya, na kimya cha baba ndicho alichokiogopa zaidi.

Marudio ya mtihani yakaja kwa sura ya safari. Chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi kumi na wawili nchi ya nje kwa siku nane, wakaone majumba ya makumbusho, watazame mchezo wa kuigiza, kisha wapime jumba la zamani la maigizo ambalo wenye nalo walitaka kulikarabati na hawakuwa na mchoro wake hata mmoja. Alama za somo zingetoka humo. Waligawanywa wawili wawili, na kila wawili walitakiwa kuja na tepu.

Mwenzake alikuwa kijana aliyeitwa Wakili, kwa sababu aliweza kubishana hata na saa ya ukutani.

"Tepu utakuja nayo wewe," alisema Wakili. "Baba yako fundi. Baba yangu anauza viatu. Nilete kiatu?"

Toakumi alipanga kununua mpya njiani. Lakini asubuhi ya kuondoka baba alikuja chumbani kwake na ile tepu, ameipangusa na kuifunga kwa kitambaa safi. "Nenda nayo," alisema. "Imezoea kazi."

"Na wewe utapimia nini, Baba?"

"Nitaazima."

Angesemaje hapana? Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitumbukiza chini kabisa ya begi, chini ya soksi, akajuta kabla hata hajafika getini. Duka la vifaa alilolitegemea lilikuwa halijafunguliwa walipopita.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za makumbusho. Walitembea mpaka nyayo zikawaka moto. Waliona picha kubwa za watu waliokasirika, vyungu vilivyounganishwa kwa gundi, na nguo za marehemu zilizopigwa pasi kuliko za walio hai. Wakili alibishana na maelezo ya ukutani. Kwenye chumba kimoja cha nyuma, ambako wageni wengi hawakufika, Toakumi alikuta sanduku la fundi seremala limewekwa ndani ya kioo na taa yake mwenyewe juu. Patasi tano, msumeno, nyundo isiyo na mpini, na randa ya mbao iliyolika ubavuni pale gumba linapokaa. Akaangua kicheko.

"Nini?" aliuliza Wakili.

"Randa kama hii baba anayo. Juzi tu kalainisha mlango nayo."

"Mwambie aache kuitumia, aiwekee kioo."

Mlinzi wa chumba, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwaambia wasiegemee kioo. Wakaondoka. Ila Toakumi alirudi peke yake kabla ya kufunga, akaitazama tena ile randa kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke akaikumbuka nyumba yao.

Siku ya tatu mchana walipelekwa kutazama mchezo katika jumba lenyewe watakalolipima. Lilikuwa jumba la matofali nje na mbao ndani, lenye roshani tatu zilizopandana na viti vyekundu vilivyofifia makalioni. Lugha ya waigizaji hawakuijua, lakini hadithi ilieleweka: mume na mke wanagombana, mke anaondoka kwa hasira na kuubamiza mlango. Aliubamiza kweli. Mlango ukagonga fremu, ukarudi, ukafunguka wenyewe pole pole, na mke aliyeondoka akaonekana amesimama nyuma yake akitafuta pa kujificha. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kutoka hapo Toakumi hakuona mchezo tena. Alikuwa anautazama mlango. Bawaba ya chini imezama mno ndani ya mbao, alijiambia. Mlango wa namna hiyo hata uufunge kwa kamba utarudi.

Siku ya nne walianza kupima. Milimita alikuwa amepiga marufuku vile vifaa vidogo vya kisasa vinavyorusha mwale mwekundu ukutani na kukutajia urefu. "Ukuta usioushika huujui," alisema, na hapo mjadala ukaisha. Toakumi na Wakili walipewa ngazi kuu ya mbele na ukumbi mdogo wa juu ambako watazamaji hupumzika kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine. Tepu ilipotoka kwenye kitambaa, wenzao wawili waliokuwa wanapita walisimama.

"Hiyo nayo imetoka makumbusho?" mmoja aliuliza.

Toakumi alijikaza kisabuni. Akamweleza Wakili kwa sauti ya chini: tepu inaanzia kumi, kwa hiyo anayesoma asome tu anachokiona, na anayeandika atoe kumi. Wakili alitaka kujua kwa nini asitoe anayesoma. Akajibiwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Akasema hiyo si sababu. Akaambiwa ashike mwisho wa tepu. Akashika.

Walifanya kazi siku tatu. Vitu vidogo, kama vidato vya ngazi, walivipima kwa rula ya shule, maana tepu iliyofungwa waya ilikuwa inasumbua kwenye pembe. Vikubwa vyote walivipima kwa tepu. Kimo cha ghorofa walikipima hivi: Toakumi aliinama kwenye ukingo wa juu akateremsha tepu, Wakili akaishika chini kwa ncha ya kiatu, Toakumi akasoma, Wakili akaandika. Mchana walibadilishana, Wakili akisoma na Toakumi akiandika. Kisha wakabadilishana tena, na tena, kulingana na mikono ya nani imechoka.

Alasiri ya siku ya sita walitandaza karatasi kwenye meza ya kulia ya hosteli ili waichore ngazi. Vidato vilikuwa ishirini na vinne, kila kimoja sentimita kumi na sita na nusu. Toakumi akavipanda kwa penseli kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho alijikuta yuko sentimita kumi juu ya sakafu. Kwa mchoro ule, mtazamaji aliyepanda ngazi kwa heshima zake angefika juu na kudondoka ukumbini.

Alihesabu upya. Akahesabu mara ya tatu. Kumi ileile.

"Umeandika nini kimo cha ghorofa?"

"Mia tatu themanini na sita," alisema Wakili. "Ulisema mia tatu tisini na sita, nikatoa kumi. Si ndivyo inavyofanywa?"

Toakumi aliketi. Alijiona pale juu ya ukingo, tepu mkononi, jicho linaona mia nne na sita na mdomo unasema mia tatu tisini na sita. Hakuwa ameamua kutoa. Kichwa chake kilitoa chenyewe bila kuomba ruhusa, kama kilivyofanya kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili, kisha Wakili naye, mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatoa tena. Kila alichokisoma yeye kilikuwa pungufu kwa kumi. Kila alichokisoma Wakili kilikuwa sawa. Na daftari halikuandikwa nani kasoma kipi.

Wakili aliangalia mchoro, akaangalia mlango wa jikoni, akasogeza kiti.

"Sikiliza. Kumi gawanya kwa ishirini na nne ni kama milimita nne. Punguza milimita nne kila kidato, ngazi inafika kwenye sakafu kama maji kwenye kikombe. Nani ataona?"

Hakika nani angeona? Alishika kifutio. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kidato cha kwanza. Halafu akakumbuka ule ukuta uliopinda, na sifuri iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, na akaelewa kuwa hili ndilo kosa lilelile limevaa nguo nyingine.

"Ndicho nilichofelia," alisema.

"Basi tumekwisha. Kesho jumba limefungwa kwa wageni, waigizaji wanafanya mazoezi. Kesho kutwa asubuhi tunakabidhi."

"Mimi ndiye niliyekwisha. Wewe huna sifuri nyingine."

Ndipo alipomwambia Wakili alichokuwa hajamwambia mtu yeyote: kwamba akianguka tena anarudi nyumbani moja kwa moja, na kwamba nyumbani hawajui. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Wakili hakubishana. Alikunja karatasi, akasema saa mbili asubuhi atakuwa amevaa viatu.

Siku ya saba walikwenda kwenye mlango wa nyuma wa jumba, unaotumiwa na wafanyakazi. Mlinzi alitikisa kichwa kabla hawajafungua midomo. Uani, hatua chache kutoka pale, mzee mmoja mwenye aproni ya turubai alikuwa ameulaza mlango juu ya farasi wawili wa mbao, zile stendi za kulazia kazi, na kuutukana kwa lugha yake. Toakumi aliutambua mlango huo. Aliusogelea, akapitisha kidole kwenye bawaba ya chini.

Walikuwa na lugha ya kigeni ya kujifunza darasani kati yao, kila mmoja akiijua nusu yake, na palipobaki palijazwa na mikono.

"Hii imezama," alisema Toakumi. "Ikizama, mlango unaminywa upande huu, unarudi. Usichonge tena. Weka karatasi ngumu nyuma ya bawaba."

Mzee huyo, fundi wa jukwaa, alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Nani kakufundisha, binti?"

"Baba."

Mzee alikata kipande cha boksi, akafungua skrubu, akakiweka, akakaza. Wakausimamisha mlango kwenye fremu yake. Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga, ukatulia. Aliufungua na kuufunga mara nne, akifurahi kama mtoto, kisha akauliza walikuwa wanataka nini hasa. Wakili alieleza, na kwa kuwa hii ilikuwa kesi yake ya kwanza ya kweli, aliieleza vizuri. Mzee akamwambia mlinzi maneno mawili. Waigizaji wako jukwaani, alisema, ngazi ya mbele haina mtu; wana muda mpaka saa sita, na viatu wavue.

Wakapima sehemu yao upya, wakiwa na soksi tu kwenye ngazi baridi. Safari hii Toakumi hakusoma tepu hata mara moja. "Wewe soma," alimwambia Wakili. "Mimi nimezaliwa kuandika." Wakili alisoma kila kitu kwa sauti ya mahakamani, Toakumi akakaa kwenye kidato na daftari magotini, akaandika. Mia nne na sita: mia tatu tisini na sita. Mia saba na kumi na mbili: mia saba na mbili. Kichwa kilikuwa kimerudi mahali pake. Kwa mbali mlango wa jukwaani ulisikika ukibamizwa, na haukurudi.

Fundi wa jukwaa alikuja kuwaona walipokuwa wanamalizia. Akaomba aione tepu. Akaivuta, akacheka, akatoa ya kwake mfukoni. Nayo ilikuwa haina mwanzo, imepondeka na kuchanika pale ilipokanyagwa na gurudumu la jukwaa.

"Yangu imekatika," alisema, akiziweka ncha mbili pamoja. "Yako haikukatika. Angalia. Hii imekatwa kwa mkasi wa bati, juu ya mstari wa kumi, sawasawa kabisa."

"Iliharibika zamani. Baba aliondoa palipoharibika."

"Labda," alisema mzee, kwa sauti ya mtu asiyeamini lakini hana ugomvi.

Walichora mpaka mikono ikafa ganzi. Asubuhi ya siku ya nane Milimita aliwapanga wanafunzi wote kwenye ngazi kuu na kuanza kupita na tepu yake yenye kasha la ngozi. Alipofika kwa Toakumi alisoma mchoro, akasoma daftari, akakuta kurasa za mwanzo zimekatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa chini yake: *vipimo hivi vina kosa, nimetoa kumi mara mbili, tumepima upya.*

"Kwa nini hukuzichana?"

"Ulisema tuandike ilivyo, Mwalimu."

Milimita alivuta tepu yake. Alipima kidato cha saba. Alipima upana wa ngazi. Alipima kimo kizima, Wakili akimshikia chini kwa ncha ya kiatu, akakuta mia tatu tisini na sita, akaguna. Kisha akapanda ukumbi wa juu na kusimama mbele ya ukuta wa kushoto.

"Huu umeuchora umepinda."

"Umepinda, Mwalimu. Sentimita sita toka kona hii mpaka ile."

"Na hukuunyoosha."

"Si wangu."

Wenzake walicheka. Milimita alitoa kalamu, si ile nyekundu, akaandika pembeni mwa mchoro, akaenda kwa wanaofuata. Alikuwa ameandika *Amefaulu*, bila nukta wala pongezi. Toakumi aliisoma mara nyingi kuliko herufi zenyewe zilivyokuwa.

Jioni, karibu na hosteli, alipata duka la vifaa vya ufundi. Akanunua tepu mpya ya chuma, ndefu, yenye ndoano inayong'aa na kasha la mpira lisiloteleza. Aliichagua kwa muda mrefu kuliko alivyochagua viatu maishani mwake.

Alifika nyumbani Jumamosi. Baba alikuwa karakana, ameinamia fremu na tepu ya kuazima. Kwanza Toakumi alimkabidhi ile ya zamani, imefungwa kwenye kitambaa chake. Halafu akasema yote kwa mkupuo mmoja kabla hajapoteza ujasiri: sifuri ya mwaka jana, sheria ya chuo, kutoa mara mbili, ngazi iliyoelea hewani, mlango uliorudi, na kwamba amefaulu. Mama, aliyekuwa amekuja na chai, alisimama na sinia mkononi mpaka mwisho, na hiyo peke yake ilikuwa habari ya kusimulia mtaani.

"Ulituficha mwaka mzima," alisema mama.

"Nilifanya vibaya, Mama. Nisameheni."

Baba alikohoa kidogo. "Umefaulu," alisema. "Imekwisha."

Ndipo Toakumi alipotoa tepu mpya. Baba aliipokea, akaivuta, akaiachia ijirudishe, akaivuta tena. Alionekana kupendezwa nayo. Mama akaweka sinia chini.

"Nzuri," alisema. "Hata ile nyingine ilikuwa mpya hivihivi siku aliyoikata."

"Mama watoto," alisema baba.

"Nimenyamaza miaka kumi na miwili na zaidi, baba watoto. Leo acha niseme." Akamgeukia binti yake. "Darasa la tatu ulipata sifuri ya kutoa. Kujumlisha ulikuwa unajua, kutoa hapana. Mwalimu akamwita baba yako, akamwambia mtoto huyu kichwa chake hakishiki hesabu, asitegemewe. Baba yako vitabu hajui kukufundisha. Akarudi, akakaa hapo alipo sasa hajala. Ile tepu alikuwa ameinunua jana yake. Akachukua mkasi wa bati."

Toakumi alimtazama baba yake. Baba alikuwa anatazama fremu kana kwamba fremu ndiyo iliyosema.

"Na milango yote ile niliyoikosea?" aliuliza.

"Ilikuwa mirefu," alisema baba. "Mirefu ina dawa."

Toakumi alikaa juu ya rundo la mbao, pale pale alipokuwa akikaa, akalia waziwazi, na mama akamwachia chai yake karibu na kumshika bega. Baba alisubiri mpaka amalize. Kisha akaifungua tepu ya zamani kutoka kwenye kitambaa, akaitundika kiunoni, akairudisha ile mpya mikononi mwa binti yake.

"Hii iwe yako," alisema. "Usiikate mpaka upate mtoto."

Akavuta penseli sikioni, akaipima fremu, akasoma, "Mia na tisini!" Toakumi akapangusa macho, akatafuta daftari, akaandika mia na themanini.